Namna Kidokezo Kilivyorefuka

Mwaka 1975, mtu aliyeitumia Unix toleo la sita kupitia Teletype Model 33 hakuwa na kioo cha kutazama. Mashine ilichapa kwenye karatasi, herufi 10 kwa sekunde, kwa kishindo. Ilipokuwa tayari kupokea amri ilitoa kidokezo cha alama ya asilimia, basi. Msimamizi mkuu pekee ndiye aliyepewa alama ya reli, naye alihitaji kukumbushwa, maana amri yake moja ya kizembe iliweza kufuta kazi ya watu wote. Kidokezo cha herufi 30, cha kawaida kabisa leo, kingekula sekunde 3 kabla hujaandika lolote.

Mwaka 1979 Stephen Bourne wa Bell Labs alileta sheli mpya, yaani programu ya kupokea amri. Alama ikawa ya dola, na ndani yake mlikuwa na kigezo PS1, ambacho kila mtu aliweza kukijaza maneno ayatakayo. Lakini maneno hayo yalikaa vilevile popote ulipohamia.

Upande wa kompyuta za mezani, DOS ya 1981 ilionyesha A> tu: herufi ya diski. Ilitosha, kwa kuwa diski haikuwa na saraka za kupotelea. Toleo la 2.0 la Machi 1983 lilileta saraka, na pamoja nazo amri ya PROMPT. Ukiandika PROMPT $P$G, kidokezo kilitaja saraka uliyomo. Nadhani hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kidokezo hurefuka pale njia zinapoongezeka. Kero ilikuwapo: ili kuitaja saraka, DOS ililazimika kuisoma diski kila mara, na ukihamia A: bila diski ndani ulikwama kwenye ujumbe wa hitilafu.

Kwenye Unix, kilicholeta utata ni mtandao. BSD 4.2, ya mwaka huohuo 1983, ilikuwa na rlogin, hivyo mtu aliyeketi mbele ya teminali moja aliweza kuwa ndani ya mashine ya jengo jingine. Kuzima mashine isiyo yako likawa jambo rahisi mno. Bash ya Brian Fox, iliyotoka 1989, ilirahisisha kinga: \u kwa jina la mtumiaji, \h kwa jina la mashine, \w kwa saraka, vyote vikijibadilisha vyenyewe.

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ilipozaliwa 2005, waandishi wa programu walianza kupotea hata wakiwa ndani ya saraka moja, kwa kuwa sasa ilikuwa na matawi. Jina la tawi nalo likaingizwa kwenye PS1.