Dakika 127 juu ya Zuhura

Zuhura tunamjua kama nyota ya alfajiri, mrembo wa mbali. Mwaka 1918, mwanakemia Svante Arrhenius wa Sweden aliandika kwamba chini ya mawingu yake kuna vinamasi. Wapi! Machi 1, 1982, chombo cha Kisovieti, Venera 13, kilitua kwenye joto la nyuzi 457. Kilitarajiwa kudumu dakika 32, kikadumu 127. Kikatoboa ardhi, kikapima: basalti, jiwe la volkeno, kama lililojaa kwenye Bonde letu la Ufa.

Tangu 1985 hakuna chombo kingine kilichofika pale kikafanya kazi. Mimi niliyeacha chuo nimechoka kuulizwa nilikaa miaka mingapi. Mawe ya sayari jirani tunayajua kupitia mashine zilizopewa dakika tu, zikazitumia zote.