Kuanzishwa kwa shilingi ya Tanzania

Shilingi ya Tanzania ilianza kutolewa tarehe 14 Juni 1966, siku ambayo Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa rasmi mjini Dar es Salaam. Kabla ya hapo nchi ilitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi iliyoundwa wakati wa ukoloni. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na serikali yake kwa miaka minne na nusu kabla ya taifa kuwa na fedha yake lenyewe. Makala hii inaeleza sababu za kuchelewa huko, jinsi fedha mpya ilivyoanza, na namna historia hiyo inavyohusiana na eneo la Arusha na Mlima Meru.

Fedha kabla ya shilingi

Kabla ya ukoloni, watu waliokaa kuzunguka Mlima Meru walibadilishana mali kwa mali. Wameru na Waarusha walilima mitelemko ya mlima, na Wamaasai walichunga tambarare. Nafaka, ndizi, ngozi, mifugo, shanga na vifaa vya chuma vilipita kutoka mkono hadi mkono. Ng'ombe walikuwa akiba, mahari na fidia kwa wakati mmoja.

Sarafu za chuma zilienea zaidi kutokana na utawala wa Wajerumani. Tangu mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilitoa rupia za fedha na pesa za shaba. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64, na pesa hizo ziliandikwa pia kwa herufi za Kiarabu ili wafanyabiashara wa pwani waweze kuzisoma. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo kutoka kwa kampuni na kuigawa rupia katika heller 100. Kutokana na neno hilo la Kijerumani, Kiswahili kilipata neno "hela".

Watu wengi hawakuzitafuta sarafu hizo kwa ajili ya biashara, bali kwa ajili ya kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwishoni mwa karne ya 19. Huko Arusha Wajerumani walijenga boma mnamo 1900, na jengo hilo sasa ni makumbusho. Asiyekuwa na sarafu alilazimika kuuza mazao au mfugo, au kwenda kufanya kazi ya mshahara. Mashamba ya walowezi yalipoenea kusini na mashariki mwa Meru, vibarua walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ndipo walipwe. Kwa njia hiyo fedha ilifika vijijini ikiwa amri kabla ya kuwa chombo cha kurahisisha maisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilikata mawasiliano kati ya koloni na Ujerumani. Mwaka 1916 karakana ya reli mjini Tabora ilitengeneza sarafu za dharura, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwaka huohuo Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki

Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Baada ya kujaribu florini kwa muda mfupi, bodi ilianzisha shilingi yenye senti 100 mwaka 1921. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Fedha hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar, iliyokuwa na rupia yake, ilijiunga mwaka 1936.

Sarafu ya shilingi moja ilikuwa na sura ya mfalme wa Uingereza upande mmoja, na simba mbele ya milima upande wa pili. Sarafu za senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, hivyo watu waliweza kuzitunga kwenye uzi. Senti 5 iliitwa ndururu, senti 10 iliitwa peni, na senti 50 iliitwa thumni au sumni.

Utaratibu wa bodi ulikuwa rahisi. Kwa kawaida shilingi mpya zilitolewa tu pale ambapo pauni za thamani ileile ziliwekwa London, na akiba hiyo ilinunua hati za mikopo, hasa za serikali ya Uingereza na makoloni yake. Faida ya utaratibu huo ni kwamba shilingi ilikuwa imara na iliaminika kutoka Mombasa hadi Kigoma. Hasara yake ni kwamba wingi wa fedha nchini ulitegemea mauzo ya nje, si mahitaji ya wananchi. Bei ya katani au kahawa ilipoanguka, fedha ilipungua madukani, na bodi haikuwa na mamlaka ya kuongoza mikopo. Tangu mwaka 1955 iliruhusiwa kutoa sehemu ndogo ya fedha bila akiba kamili ya pauni, lakini haikuwa benki kuu.

Mfano wa Wameru

Shilingi hiyohiyo ya wakoloni ilitumika pia katika harakati za kudai haki. Mwezi Novemba 1951 serikali iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikaswagwa. Wameru walichangishana fedha kugharimia kesi yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuieleza mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini.

Ardhi haikurudishwa mara moja, lakini kesi ya Wameru ilijulikana nchi nzima. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Chama hicho nacho kiliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa viingilio na ada za wanachama wa kawaida.

Uhuru bila fedha ya taifa

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro. Asubuhi yake wananchi waliendelea kununua chumvi na sukari kwa sarafu zenye sura ya wafalme wa Uingereza.

Hali hiyo haikutokana na uzembe. Viongozi wa Tanganyika, Kenya na Uganda walitarajia kuunda shirikisho, na tarehe 5 Juni 1963 walitangaza nia hiyo huko Nairobi. Nchi zinazokusudia kuungana hazina sababu ya kuvunja fedha yao ya pamoja. Bodi ilikuwa imehamia Nairobi mwaka 1960, na mwaka 1964 ilitoa noti mpya zisizo na sura ya malkia, zenye picha ya jahazi ziwani. Mapema mwaka 1963 mtaalamu wa Kijerumani Erwin Blumenthal aliishauri serikali ya Tanganyika kuhusu njia ya kati, yaani benki kuu ya pamoja ya Afrika Mashariki yenye benki za kitaifa chini yake.

Wakati huohuo nchi yenyewe ilibadilika haraka. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi mwezi Oktoba mwaka huohuo. Shirikisho la Afrika Mashariki halikuundwa. Kila serikali ilikuwa na mpango wake wa maendeleo, na bodi moja haikuweza kuitumikia mipango mitatu tofauti. Mwezi Juni 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itaanzisha fedha yake.

Benki Kuu na fedha mpya

Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1965, na benki ilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 14 Juni 1966. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu mkoani Kilimanjaro, aliyekuwa na umri wa miaka 33. Uganda ilifuata mwezi Agosti na Kenya mwezi Septemba mwaka uleule.

Shilingi moja ya Tanzania ilibadilishwa kwa shilingi moja ya Afrika Mashariki, na fedha za zamani ziliendelea kupokelewa katika kipindi cha mpito. Mwananchi hakupoteza thamani ya akiba yake, hata kama aliiweka ndani ya chungu. Toleo la kwanza lilikuwa hivi:

- Noti za shilingi 5, 10, 20 na 100, zote zikiwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Noti ya kwanza ya shilingi 100 ilikuwa na picha ya mchungaji wa Kimaasai na mifugo yake.
- Senti 5, yenye picha ya samaki.
- Senti 20, yenye picha ya mbuni.
- Senti 50, yenye picha ya sungura.
- Shilingi 1, yenye picha ya mkono ulioshika Mwenge wa Uhuru.

Sarafu hizo zilichorwa na Mwingereza Christopher Ironside. Hazikuwa na tundu, na maandishi yake yalikuwa ya Kiswahili, yakiwemo maneno "Rais wa Kwanza". Majina ya zamani hayakufa mara moja, kwani senti 5 iliendelea kuitwa ndururu. Baadaye sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, na jina hilo hutajwa kuwa asili ya neno "daladala".

Azimio la Arusha

Miezi saba baada ya fedha mpya kuanza, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio lililotoka katika kikao hicho lilitangazwa tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata serikali ilitaifisha benki za kibiashara, na shughuli zake zikaunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara.

Azimio halikuitukuza fedha. Lilifundisha kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, si msingi wake, na kwamba nchi maskini ikitegemea fedha za kuomba na kukopa itapoteza uhuru wake. Msingi ulitajwa kuwa watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwezi Novemba 1967 Uingereza ilipunguza thamani ya pauni, lakini Tanzania haikuifuata. Chini ya bodi ya zamani uamuzi wa namna hiyo usingewezekana.

Zanzibar na suala la sarafu

Sarafu haikuwemo katika mambo 11 ya mwanzo ya Muungano. Masuala ya fedha, sarafu na mabenki yaliongezwa katika orodha hiyo mwezi Juni 1965. Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Bodi ya Sarafu kwa haki yake, kwa hiyo mgawo wake katika mali ya bodi na katika mtaji na faida ya Benki Kuu ulibaki suala la mjadala kwa miaka mingi. Suala hilo huhesabiwa miongoni mwa zile zinazoitwa kero za Muungano.

Athari katika eneo la Arusha

Mji wa Arusha uko karibu zaidi na Nairobi kuliko Dar es Salaam. Kwa mkulima wa Nduruma, Tengeru au Usa River, na kwa mfanyabiashara wa njia ya Namanga, kugawanyika kwa fedha hakukuwa jambo la mbali. Mwanzoni shilingi tatu za Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na thamani moja na zilibadilishwa bila shida. Utaratibu huo ulidhoofika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila nchi ilipoanza kulinda fedha zake za kigeni.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza tarehe 1 Desemba 1967 na kuweka makao makuu Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Mtei, aliyeacha ugavana mwaka 1974, alikuwa Katibu Mkuu wake katika miaka ya mwisho. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka huohuo wa 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Mtei aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha, akajiuzulu mwaka 1979 kutokana na kutoelewana kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hasa suala la kupunguza thamani ya shilingi. Thamani ya shilingi ilipunguzwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mwaka 2013 nchi wanachama zilitia sahihi itifaki ya umoja wa fedha, zikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Lengo hilo halikufikiwa, na tarehe imesogezwa hadi 2031. Likitimia, Tanzania itarudi katika fedha ya pamoja na majirani zake. Tofauti na bodi ya mwaka 1919, fedha hiyo itakuwa imeamuliwa na nchi zenyewe.

Sarafu ya shilingi moja ya mwaka 1966 haitumiki tena katika manunuzi. Mwenge uliochorwa juu yake bado unaonekana Arusha, kwenye mnara wa Azimio.