Heshima ya Bendera Iliyochakaa

Hapana kitu cha kawaida kuliko kipande cha kitambaa. Kikishonwa shuka, watu hujifunika; kikishonwa gunia, hutiwa mahindi; kikizeeka, hufutiwa meza na kutupwa. Lakini kitambaa hicho hicho kikipakwa rangi zilizokubaliwa na taifa, kikapandishwa juu ya mlingoti, watu wazima husimama wima mbele yake na askari hukipigia saluti. Thamani hiyo haikutoka kiwandani; imetoka kwa watu. Basi, msomaji, liko swali linalokupasa wewe upitaye kila siku chini ya bendera ya shule yako: kitambaa hicho kikichakaa, heshima yake huenda wapi? Je, hufa pamoja na uzi, au hubaki na kututaka tutende jambo?

Ili tulijibu swali hili yafaa tutazame mahali ambapo bendera haikosi mwenziwe wa kupimwa naye. Mahali hapo ni mpakani. Funyula ni mji mdogo katika nchi ya Wasamia, kusini ya Busia, karibu na vilima vilivyosifika zamani kwa wahunzi wa chuma na majembe yao. Upande wa magharibi hupita mto Sio, na ng'ambo ni Uganda. Wasamia wako kando zote mbili za mto. Lugha yao ni moja, na jamaa zao ni wamoja; lakini ukivuka, bendera hubadilika.

Nchi hii imeona bendera zikienda na kuja. Hadi mwaka 1902 Funyula ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliutoa mkoa huo Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilifanywa Koloni la Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Mtu aliyelala katika nchi moja aliamka katika nchi nyingine bila kuhamisha hata chungu chake, na bendera iliyopepea juu yake, kabla na baada, ilikuwa ya Mwingereza. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kukumbuka: iko bendera iwekwayo juu ya watu, na iko bendera ipandishwayo na watu wenyewe.

Tarehe 9 Oktoba 1962 Uganda ilipata uhuru wake. Bendera yake ya rangi nyeusi, manjano na nyekundu, yenye korongo katikati, ilipandishwa badala ya ile ya Uingereza. Kenya haikuwa huru bado. Kwa muda wa miezi kumi na minne, mtu wa Samia aliyevuka mpaka alitoka katika nchi ya bendera ya kigeni akaingia katika nchi ya ndugu zake yenye bendera yake yenyewe. Yaliyokuwa maneno ya mikutano ya siasa kwa watu wa mbali yalikuwa kwake jambo la kuonekana kwa macho, upande huu na upande ule.

Kisha ikafika usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Katika uwanja wa Langata, Nairobi, ambao leo huitwa Bustani ya Uhuru, umati mkubwa ulikusanyika. Ilipofika saa sita ya usiku taa zilizimwa, na bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowashwa tena, bendera ya Kenya ilikuwa juu ya mlingoti. Wakati huo huo mpanda milima Kisoi Munyao alipewa kazi ya kuipeleka bendera hiyo katika Mlima Kenya na kuisimamisha huko juu.

Tafakari kidogo kuhusu lile giza la Langata. Watu waliokusanyika pale walikuwa na machungu mengi. Walikuwamo walionyang'anywa ardhi, waliofungwa kizuizini, na waliozika jamaa zao katika vita vya Mau Mau. Hata hivyo bendera ya mtawala haikuraruliwa wala kukanyagwa. Ilishushwa kwa utaratibu, macho ya watu yakiwa yamesitiriwa kwa giza. Waliofanya hivyo hawakuisifu bendera ile. Walijiheshimu wao wenyewe. Taifa changa lilianza maisha yake kwa kuonyesha kwamba hujua kushusha bendera. Ikiwa bendera ya mtawala wa kigeni ilistahili kushushwa hivyo, yetu iliyochakaa kwa kututumikia haiwezi kustahili kidogo kuliko hiyo.

Rangi za bendera yetu huzijua tangu shule ya msingi. Nyeusi ni watu wa Kenya. Nyekundu ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Kijani ni ardhi na mali zake. Na mistari myeupe ni amani. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwamo tayari katika bendera ya chama cha KANU. Mistari myeupe iliongezwa ili bendera iwe ya taifa zima na si ya chama kimoja. Katikati iko ngao na mikuki miwili iliyopishana, ishara ya kuulinda uhuru huo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 9, yaitaja bendera kuwa miongoni mwa alama za taifa pamoja na wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa umma. Nayo Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa yakataza kuitumia bendera katika biashara bila idhini, na yahesabu dharau juu yake kuwa kosa.

Lakini sheria peke yake haimfundishi mtu kupenda. Watu wa mpakani walifundishwa na matukio. Mnamo Februari 1976 Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa mali ya Uganda kwa ajili ya ule mpaka wa kabla ya 1902. Rais Jomo Kenyatta alikataa katakata, wananchi wakaandamana, na hatimaye Amin akalegeza madai yake. Siku hizo bendera katika ofisi ya serikali huko Busia haikuwa pambo. Ilikuwa jibu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kuiheshimu bendera yako ni kuichukia ya jirani. Ukoo wa Awori unatosha kuwa ushahidi. Moody Awori, aliyekuwa mbunge wa Funyula, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kutoka 2003 hadi 2008. Ndugu yake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, na baadaye, kutoka 2009 hadi 2011, alikuwa waziri katika serikali ya nchi hiyo. Ndugu wawili walitumikia bendera mbili bila undugu wao kuvunjika. Tena tarehe 24 Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua rasmi huko Busia kituo cha pamoja, ambamo maofisa wa nchi zote mbili huwahudumia wasafiri. Bendera za mataifa mawili zikipandishwa pamoja wakati wa amani, desturi ya dunia yataka ziwe sawa kwa ukubwa na kwa kimo, isiwepo ya juu na ya chini. Sasa fikiri: moja ikiwa nzima na ya pili imekuwa matambara, usawa huo uko wapi? Mgeni hutusoma kabla hatujafungua kinywa.

Sasa tuje kwenye kuchakaa kwenyewe. Bendera haifi kwa siku moja. Jua hupausha rangi zake, nyekundu ikafifia na nyeusi ikawa kijivu. Mvua huitia uzito. Upepo huupiga zaidi upande ulio mbali na mlingoti, kama mjeledi, hata pindo lake likaanza kufumuka. Hapo ndipo methali ya wahenga ifaapo: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Pindo lililofumuka vidole viwili hushonwa upya kwa dakika chache. Likiachwa mwezi mzima huwa mpasuko usioshoneka. Wako ambao, badala ya kushona, hukata ncha iliyoraruka, na mwezi ufuatao hukata tena. Kipimo cha bendera yetu ni urefu wa sehemu tatu kwa upana wa sehemu mbili, na ngao iko katikati. Ukikata mara kwa mara, kipimo hupotea, na ngao husogea kando kama mlinzi aliyehama lindo. Ulichobaki nacho si bendera ya Kenya, bali ni kitu kinachofanana nayo.

Matumizi mema huiongezea umri. Hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni, kwa kuwa bendera isiyoangaziwa taa haistahili kuachwa nje usiku. Na kwa kushushwa hupata pia mapumziko kutokana na upepo na umande. Hupandishwa kwa wepesi na kushushwa polepole. Rangi nyeusi huwa juu daima. Kijani ikiwa juu, bendera imepinduliwa. Haiburutwi chini, wala haitandikwi juu ya meza ya chakula. Ikilowa, hukaushwa kabla ya kukunjwa, ili isiote ukungu. Siku za msiba wa taifa, kama alipofariki Rais mstaafu Daniel arap Moi mwaka 2020 na Rais mstaafu Mwai Kibaki mwaka 2022, hupepea nusu mlingoti. Hata hapo hupandishwa kwanza hadi kileleni ndipo ishushwe nusu, na jioni hurudishwa kileleni kabla ya kuteremshwa. Maana yake ni kwamba taifa linalolia bado limesimama.

Siku yafika, pamoja na uangalifu wote, ambapo bendera haiwezi tena kushonwa. Siku hiyo kuiacha juu si mapenzi, bali ni uvivu uliovaa joho la mapenzi. Mataifa mengi yameweka desturi juu ya jambo hili. Sheria ya bendera ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1942, yasema bendera isiyofaa tena kuonyeshwa iharibiwe kwa heshima, na bora zaidi ichomwe moto. Kanuni ya bendera ya India ya mwaka 2002 yaagiza iharibiwe nzima, faraghani, na ikiwezekana kwa moto au kwa njia nyingine isiyoivunjia heshima.

Huenda ukastaajabu: mbona kuchoma bendera ni tusi kubwa, na hapa kuchoma ni adabu? Jibu ni nia na namna. Anayetukana huichoma bendera nzima, barabarani, mbele ya macho ya watu, kwa kelele. Anayestahi huichoma iliyomaliza kazi yake, faraghani, kwa ukimya, mpaka isibaki rangi, kisha huyafukia majivu. Waislamu wa pwani yetu huujua mwenendo kama huo: kurasa za msahafu zilizochakaa hazitupwi jalalani, bali hufukiwa mahali safi au huchomwa kwa adabu, ili maandishi yake yasikanyagwe. Bendera si kitabu kitakatifu, na haifai kuifanya hivyo. Lakini busara ni ile ile, kwamba kilichobeba jambo kubwa hakiachwi kikanyagwe.

Wewe mwanafunzi usijitwalie kazi hiyo peke yako. Uonapo bendera ya shule imeraruka, mwarifu mwalimu mkuu au kiongozi wa skauti. Ishushwe jioni kwa utaratibu wa kila siku, ikunjwe, ihifadhiwe mpaka mpya ipatikane, kisha wenye madaraka waimalize kwa staha. Isigeuzwe kitambaa cha kufutia ubao, wala isitupwe pamoja na takataka.

Najua liko pingamizi, nalo si dogo. Mtu atasema: paa la darasa lavuja, vitabu havitoshi, nawe wataka tununue bendera? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa hasira. Bendera mpya juu ya darasa linalovuja haiponyi kitu. Na kiongozi aipigiaye saluti asubuhi kisha akala fedha za umma mchana ameichakaza kuliko upepo wa mwaka mzima. Lakini tazama vizuri: mkono uliozoea kuliacha pindo lifumuke ndio uliozoea kuliacha bati ling'oke. Kinachohitajika mara nyingi ni sindano, uzi na mtu mmoja mwenye kujali kabla ya mpasuko kukua. Na mtu wa namna hiyo hulitazama paa pia.

Basi swali letu limepata jibu. Heshima ya bendera haifi pamoja na uzi, kwa kuwa haikukaa katika uzi. Imekaa kwa watu: kwa waliomwaga damu ambayo rangi nyekundu huikumbuka, na kwa wewe utakayeishika kamba kesho. Wahenga walisema heshima si utumwa. Usimamapo kimya bendera ikipandishwa, humwinamii bwana yeyote. Wakumbuka kwamba hapakuwa na bwana aliyeiweka juu yako. Itazame vyema. Ikiwa nzima, ilinde. Ikiwa imefumuka, ishonwe. Na ikiwa imemaliza kazi, ipewe mwisho wenye staha, ili nyingine ipande mahali pake.