Korosho Yetu Ilikutana Wapi na Ngano?

Somo letu la leo ni historia ya korosho ya pwani yetu, tangu Kilwa mpaka Lindi. Tutaisoma kwa ajili ya watu ambao ngano kwao ni kama sumu.

Huenda umewahi kumwona mtoto aliyekuwa mzima alipokuwa akinyonya. Alipoanza kula mkate na maandazi akaanza kuhara, tumbo likavimba, mikono na miguu ikakonda. Magonjwa mengi huleta dalili hizo, na mojawapo ni ugonjwa wa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachofanya unga uliokandwa uvutike. Mwenye siliaki akila gluteni, mwili wake mwenyewe huushambulia utumbo wake, na chakula hakimfai kitu. Ugonjwa huu hauambukizi. Tiba yake mpaka leo ni moja tu: asile gluteni kabisa, maisha yake yote. Hata makombo ya mkate yaweza kumdhuru.

Usiseme huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 waganga walitangaza kwamba katika watoto wa Sahara ya Magharibi, Afrika hii hii, karibu 6 katika kila 100 wanao.

Sababu yake ilichelewa kujulikana. Mwaka 1888 mganga Samuel Gee wa London aliandika habari za watoto hawa. Alisema chakula ndicho kitakachowaponya, lakini hakujua ni chakula gani. Kisha akaja Mholanzi mmoja, Willem Dicke, mganga wa watoto, aliyeishuku ngano hata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, Uholanzi ilipatwa na njaa kali. Mkate ulikosekana, watu wakala hata mizizi ya maua. Watoto wengine walidhoofika, lakini wenye siliaki walipata nafuu! Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Dicke aliandika utafiti wake mwaka 1950, na mwaka 1952 waganga wa Birmingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba mwenye kosa ni gluteni.

Sasa turudi kwetu. Mzee wa Kilwa ya zamani alikula wali, mtama, samaki na nazi. Vyote hivyo havina gluteni. Ngano haistawi katika joto la pwani. Ililetwa kwa vyombo kutoka mbali. Basi mwenye siliaki wa zamani hizo aliweza kuishi mpaka uzeeni asijijue. Leo chai ya asubuhi bila chapati au andazi watu huiona si chai.

Mkorosho nao ni mgeni. Asili yake ni Brazil. Wareno, wale waliojenga ngome Kilwa mwaka 1505, ndio walioueneza Afrika Mashariki na India katika karne ile ya 16. Korosho haina gluteni, wala karanga haina, wala nazi. Wazungu walipokosa mafuta ya kula baada ya vita, Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta Nachingwea, Kongwa na Urambo. Walianza mwaka 1947, wakaacha mwaka 1951, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Tazama miaka hiyo: wakati Dicke anaandika juu ya ngano huko Uholanzi, huku kwetu matrekta yalikuwa yakiharibikia porini.

Lakini korosho ina ugumu wake. Ganda lake lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Mama wa pwani huweka korosho katika bati lenye matundu, juu ya moto. Mafuta yakishika moto, humwaga korosho chini na kuzima kwa mchanga. Kisha hujipaka majivu mikononi, akapasua moja moja. Kazi ni ngumu na moshi wake ni mbaya. Je, hapo umeiona ngano? Haipo.

Ngano hukutana na korosho njiani, na njia hiyo ilirefushwa na biashara. Korosho zetu nyingi zilipelekwa India zikiwa na maganda yake, zikabanguliwa huko. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Serikali ikakopa fedha, vikajengwa viwanda, jumla 12, pamoja na vile vya Lindi, Mtama na Nachingwea. Kwa bahati mbaya, miaka hiyo hiyo watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakawa mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000, na viwanda vikakaa bila kazi. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikatuma jeshi kuzikusanya. Hata baada ya hayo, sehemu kubwa huvuka bahari na maganda yake, kwenda India na Vietnam.

Fikiri basi. Gunia linaondoka Lindi likiwa safi. Ng'ambo mmoja anabangua, mwingine anakaanga, wa tatu anatia katika pakiti. Mashine iliyopitisha karanga za kupakwa unga asubuhi hupitisha korosho tupu jioni. Kipimo cha mataifa ni kwamba chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Kwa hiyo msomaji wa pakiti atafute maneno hayo. Pakiti iliyonyamaza haijatoa ahadi. Hii ndiyo faida mojawapo ya kujua kusoma.

Wala usidhani cha karibu ni salama siku zote. Karanga za mayai zinazouzwa stendi zimepakwa unga wa ngano, mgonjwa asiziguse. Korosho zilizokaangwa katika mafuta ya maandazi, au kupepetwa kwa ungo wa ngano, nazo hazimfai. Kilicho bora kwake ni karanga zenye maganda, au korosho alizoziona zikichomwa na kubanguliwa mbali na unga.

Kama unashuku ugonjwa huu kwa mwanao, mpeleke hospitali kwanza, apimwe damu. Usimwachishe ngano kabla ya kipimo, maana kipimo chaweza kukosa kuuona ugonjwa.

Kabla ya somo lijalo, nenda kwa muuza korosho wa kwenu. Muulize amezitoa wapi, nani alizibangua, na kikaango chake hukaanga nini kingine. Andika majibu yake daftarini, uje nayo darasani.