Lipi Lisomwe Kwanza

Kujalidi magazeti ni kazi isiyo na marejeo. Fundi akishatoboa matundu, akapitisha uzi na kupaka gundi, lililotangulia limekwisha kutangulia, na atakayefungua jalada hilo miaka thelathini baadaye ataamini kwamba ndivyo mambo yalivyofuatana. Kwa hiyo mtu mwenye masanduku mawili ya magazeti ya katuni, na mchwa wamekwisha kuonja kona za sanduku la chini, hana budi kujiuliza kwanza swali ambalo jirani akilisikia atacheka: katika dunia ya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, lipi lisomwe kwanza?

Magazeti yenyewe yalikuwa ya marehemu mjomba wangu, aliyekuwa karani wa mizani katika ununuzi wa pamba hapa Mwamanyili. Siku hizi sisi ni watu wa Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Wakati ule tulikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, na lolote lililochapwa Dar es Salaam lilitufikia kwa kupitia Mwanza, mara nyingi mikononi mwa abiria aliyekwisha kulisoma, akalikunja, akalikalia. Nilikusudia kuyatoa kwa maktaba ya shule ya sekondari. Mwalimu wa Kiswahili alikubali kwa sharti moja tu, yawe yamejalidiwa, maana karatasi iliyolegea haimalizi muhula.

Kwa msomaji ambaye hakuyawahi, niseme kidogo. Sani lilianzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake ni herufi za mwanzo za majina yao: Sa na Ni. Wahusika wake tuliwafahamu kwa majina kabla ya kufahamu vituko vyao, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kusema. Ndumilakuwili ni yule nyoka anayedhaniwa kuwa na kichwa huku na huku, na kwetu Waswahili ni mtu wa ndimi mbili. Lodi Lofa ni bwana mkubwa asiye na kazi. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, na mtu mfupi hakosi kuitwa hivyo. Hawa wote waliishi katika mji mmoja na katika gazeti moja, ukurasa kwa ukurasa, kama wapangaji wa nyumba moja ya vyumba sita.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba hawakuwa mali ya mkono mmoja. Aliyewapa sura iliyokaa vichwani mwetu ni Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwashika, wakawavusha, na Lodi Lofa akaendelea kudai heshima asiyostahili kwa miaka mingi baadaye. Hapo ndipo katuni inapoachana na riwaya. Riwaya ina mwandishi wake, na akiondoka, mhusika hubaki pale alipoachwa.

Wamarekani wamelihangaikia jambo hili kuliko sisi. Tangu mwaka 1961, Stan Lee na Jack Kirby walipotoa toleo la kwanza la Fantastic Four, kampuni ya Marvel imejenga dunia moja ambamo kila kinachotokea katika gazeti hili kinahesabiwa kimetokea pia katika lile. Mhariri huweka kijimaneno chini ya picha kumkumbusha msomaji kwamba ugomvi huu ulianzia toleo namba fulani. Wenzao wa DC walifika mahali hadithi zao za nusu karne zikawa zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na mwaka 1985 wakaanza kutoa hadithi ya matoleo 12, Crisis on Infinite Earths, ya kufuta dunia nyingi na kubakiza moja. Mwandishi Douglas Wolk amesoma matoleo ya Marvel zaidi ya 27,000 na kutoa kitabu juu yake mwaka 2021. Naye hakuyasoma kwa kufuata namba, wala hamshauri mtu afanye hivyo.

Mjukuu wa dada yangu, anayetazama sinema za Marvel kwenye simu, aliniambia kuwa hata wao shuleni wamegawanyika. "Babu, wengine wanaanza na Iron Man kwa sababu ilitoka mwanzo, mwaka 2008. Wengine wanasema Captain America, kwa sababu mambo yake ni ya zamani, wakati wa vita vya Hitler." Sinema hiyo ya pili ilitoka mwaka 2011. Nilimwuliza yeye yuko upande gani. Akajibu kwamba alianza na ile aliyokuwa nayo rafiki yake. Jibu hilo sikulitia maanani siku ile.

Wazee wetu wangelishangaa swali lote hili. Jioni ukiambiwa ngano, Sungura anamponza Fisi, Fisi anauawa, na kesho jioni Fisi yuko hai na anaponzwa tena. Hakuna mtoto wa Kisukuma aliyewahi kuuliza kama Masala Kulangwa alimpasua zimwi Shing'weng'we kabla au baada ya ngano ya jana. Ngano haina namba.

Riwaya zinazofuatana zina namba, hata kama haijaandikwa. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, Ukerewe, ndiko alikotoka Elvis Musiba, aliyefariki mwaka 2010, na mpelelezi wake Willy Gamba nawashauri vijana wamsome kwa miaka ya kuchapwa: Kufa na Kupona, 1974, kisha Njama, 1981, kisha Hofu, 1988. Sababu si kwamba kisa cha pili hakieleweki bila cha kwanza. Ni kwamba nyuma ya visa hivyo bara lenyewe linasogea. Kitabu cha kwanza kilitoka Msumbiji na Angola hazijapata uhuru. Cha pili kilitoka Zimbabwe ina mwaka mmoja tu. Cha tatu kilitoka Mandela bado yuko kifungoni. Kijana akianza na cha mwisho atafurahia risasi, ila hatajua kwa nini mtu wa Dar es Salaam alione kaburu kuwa adui wa nyumbani kwake.

Nikataka kutumia kanuni hiyohiyo kwa katuni. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alianza miaka ileile ya Azimio la Arusha la 1967, na mjomba alikuwa na vipande vyake kadhaa vilivyokatwa kwa mkasi. Mzaha juu ya mkubwa anayehubiri kujitegemea huku akijitegemeza kwa mali ya umma una uchungu mwingine ukijua azimio lina miezi mingapi. Kadhalika masihara ya mwaka 1983, mwaka wa kusaka wahujumu uchumi, si masihara ya mwaka 1986, serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa mtu apendaye historia, basi, mpangilio wa kuchapwa ndio mpangilio. Nilikuwa tayari kulisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Tatizo ni majalada. Namba ya toleo huwa juu ya jalada, na majalada ya mjomba yalikwisha kuvalishwa madaftari ya watoto wa nyumba nzima, mimi nikiwamo. Katika magazeti sabini na kitu, yenye jalada hayakufika thelathini. Mengine ungeweza kuyakisia kwa ubora wa karatasi au kwa mkono wa mchoraji, lakini kukisia si kupanga.

Mwalimu alikuwa na wazo jingine. Alitaka yapangwe kwa mhusika: jalada la Madenge, jalada la Pimbi, jalada la Lodi Lofa. "Mzee wangu," alisema, "mwanafunzi haji maktaba kutafuta mwaka. Anakuja kumtafuta Madenge, mtoto mtundu kama yeye." Ni kweli tupu, na kwa kusoma kwa raha sijui njia bora kuliko hiyo. Lakini ukitaka kumtoa Madenge peke yake lazima ushike mkasi, na nyuma ya ukurasa wa Madenge yuko Pimbi. Ukimwokoa mmoja unamkata mwenzake kiuno. Mwalimu aligeuza ukurasa mara mbili, akacheka, akaukubali ushahidi.

Ndipo nilipoanza kuitazama penseli. Mjomba alikuwa karani hata nyumbani. Katika ukingo wa juu wa ukurasa wa kwanza wa ndani, kila gazeti lina tarehe kwa mwandiko wake mdogo wa kulalia, siku lilipoingia mikononi mwake, kama alivyoandika siku ya kupokea gunia. Sikuwa nimezijali tarehe hizo kwa kuwa hazikuwa za kuchapwa. Nilipozifuata, picha ikawa nyingine kabisa. Kuna mwaka yaliingia mawili tu. Kuna siku moja ya Agosti, mwezi wa kuuza pamba na watu kuwa na fedha, yaliingia tisa kwa pamoja, mapya na ya zamani yamechanganyika. Kisa kilichoahidiwa kuendelea toleo lijalo kilitufikia mwisho wake kabla ya mwanzo, na nakumbuka tulivyokaa chini ya mwembe tukitunga wenyewe huo mwanzo, kila mtu na wake, hata ulipofika tukauona hafifu.

Hivyo ndivyo Sani lilivyosomwa Mwamanyili, na nadhani ndivyo lilivyosomwa Maswa, Geita, na penginepo pote palipokuwa mbali na mtambo wa kuchapia. Mpangilio wa namba ulikuwa wa Dar es Salaam. Atakayetaka kuufahamu anaweza kuutafuta katika maktaba kubwa na wakusanyaji wa mijini. Mpangilio wa penseli haupo popote ila katika masanduku haya mawili, na fundi akiyajalidi kwa namba utakuwa umepotea, kwa sababu akishapunguza kingo kwa kisu ili kurasa zilingane, tarehe zinakwenda na vipande.

Nimeamua yajalidiwe kwa kuingia kwake, majalada manne, kingo zisiguswe hata kama kitabu kitakaa kama meno ya mamba. Mwalimu ameandika orodha ya wahusika na kurasa zao, ibandikwe ndani ya kila jalada, ili anayemtafuta Madenge asipoteze kipindi. Fundi wa Mwanza amenung'unika juu ya kingo na kuongeza bei.

Katika jalada la tatu mambo yanakwenda hivi. Linatangulia gazeti ambalo Lodi Lofa ana pua ngeni kidogo na mikono mizito, kazi ya mmoja wa waliompokea baada ya Ndunguru. Linafuata jingine kama hilo. Kisha, penseli ikisema Juni 1988, analetwa Lodi Lofa wa mwenyewe, mstari mwepesi usiotetereka, suruali inayoanguka kwa namna ileile. Toleo la zamani lililochelewa njiani. Sisi hatukuwa na habari kwamba aliyelichora amekwisha kufa miaka miwili. Tulisema tu kwamba safari hii limetoka zuri.