Sinema za Kazi ya Magazeti: Zasema Kweli Kiasi Gani?

Ziko sinema ambazo kabla ya kuanza huandika mbele ya watazamaji maneno ya kwamba mambo yatakayoonyeshwa yalitukia kweli. Mtu akisha kuyasoma hutulia kitini pake, huacha kuuliza maswali, na kila alionalo baadaye hulipokea kama ushahidi wa mtu aliyekula kiapo. Na katika sinema za namna hiyo, zile zisimuliazo kazi ya waandishi wa magazeti huaminiwa kupita nyingine. Maana twadhani kwamba, kama kazi ya mwandishi wa habari ni kutafuta kweli, basi na sinema yake haina budi kuwa kweli.

Siku hizi wanafunzi wengi huyajua mambo ya historia kwa njia ya sinema kabla ya kuyasoma kitabuni, na wengine hawayasomi kabisa. Kwa hiyo si kazi bure kuzipima sinema hizo. Leo twataka kupima tatu: mbili zahusu magazeti ya Marekani, na ya tatu yahusu Afrika ya Kusini. Tutauliza kama zilisema kweli. Na kama zilipunguza, zilipunguza nini, na hasara yake ilimwangukia nani.

Ya kwanza ni sinema iitwayo All the President's Men, iliyotolewa mwaka 1976. Yasimulia habari za Watergate, jina la jumba moja kubwa katika mji wa Washington. Usiku wa tarehe 17 Juni 1972 mlinzi wa jumba hilo, kijana mweusi wa miaka 24 aitwaye Frank Wills, aliona kipande cha utepe kimebandikwa juu ya kitasa ili mlango usijifunge. Akakibandua, akaendelea na zamu yake. Aliporudi akakuta kingine kimebandikwa pale pale. Hapo alitambua kuwa si bure, akawaita askari polisi, nao wakawakamata watu watano ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Waandishi wawili wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, wakaufuata mkasa huo mpaka ukawafikia watu wa karibu wa Rais Richard Nixon. Tarehe 9 Agosti 1974 Nixon akaondoka katika urais, naye ndiye Rais wa kwanza wa Marekani kujiuzulu.

Watengenezaji wa sinema hii walijitahidi mno kufananisha mambo. Walijenga chumba kizima cha waandishi huko Burbank, California, mfano wa kile cha Washington. Na ili meza zisionekane ngeni, wakaletewa makaratasi ya kweli na hata takataka za kweli kutoka ofisi ya gazeti lenyewe. Frank Wills naye alijiigiza mwenyewe. Tena sinema haikuficha kosa la mashujaa wake: yaonyesha jinsi walivyoandika neno moja bila kulihakikisha vema, wakaaibishwa mbele ya watu. Haya yote ni ya kusifiwa.

Walakini, alikuwako katika gazeti lile mhariri mmoja, Barry Sussman, aliyewekwa kuisimamia kazi yote ya Watergate, akizilinganisha habari za waandishi wale wawili na kuwaonyesha zinavyoungana. Katika sinema mtu huyu hayumo. Hakuna mchezaji aliyepewa jina lake. Takataka zilisafirishwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi upande wa pili, lakini mhariri akaachwa.

Wala si yeye peke yake. Nixon hakuangushwa na gazeti moja. Alikuwako jaji John Sirica, aliyewabana wale wezi mahakamani. Ilikuwako kamati ya Baraza la Seneti, iliyopata habari mwaka 1973 kwamba mazungumzo ya Rais ofisini mwake yalikuwa yakinaswa katika kanda za sauti. Na ilikuwako Mahakama Kuu, ambayo tarehe 24 Julai 1974 majaji wake wanane kwa neno moja walimwamuru azitoe kanda hizo. Sinema yakoma mwanzoni mwa mwaka 1973, na yote yaliyofuata hupita upesi upesi kwa vichwa vya habari vikipigwa na mashine ya chapa. Mtazamaji huinuka akisadiki kwamba vijana wawili na simu zao walimwondoa mkuu wa dola. Na yale maneno yajulikanayo sana ya kumwambia mwandishi aifuate fedha iendako, ambayo wengi hudhani ni ya yule mtoa habari wa siri, hayamo katika kitabu kilichoandikwa na waandishi wenyewe. Ni ya sinema.

Ya pili yaitwa The Post, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Mambo yake ni ya mwaka 1971. Serikali ya Marekani ilikuwa imeandika kwa siri historia ya vita vya Vietnam, kurasa zipatazo 7,000, nayo ilidhihirisha kwamba wakuu wa nchi kwa miaka mingi waliwaambia raia maneno tofauti na waliyoyajua. Daniel Ellsberg, aliyekuwa mmoja wa watu walioifanya kazi hiyo, alizinakili kurasa hizo kwa siri, nazo zikamfikia Neil Sheehan wa gazeti la New York Times. Gazeti hilo likazichambua kwa muda wa miezi mitatu hivi, likaanza kuzichapa tarehe 13 Juni 1971. Siku mbili baadaye mahakama ikalizuia. Ndipo Washington Post nalo likazipata, na tarehe 18 Juni likachapa. Tarehe 30 Juni Mahakama Kuu ikaamua, majaji sita kwa watatu, kwamba magazeti hayo yana haki ya kuchapa.

Basi, gazeti lililoanza, lililozuiliwa kwanza, na lililopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1972 kwa kazi hiyo, ni New York Times. Lakini sinema imeweka kitovu cha habari katika Washington Post, kwa mwenye gazeti, Bibi Katharine Graham, na mhariri wake Ben Bradlee. Baadhi ya watu wa New York Times wa siku zile walinung'unika, nasi hatuwezi kusema kwamba walinung'unika bure. Hata hivyo neno kuu la sinema ni kweli: Bibi Graham alikuwa katika hatari. Kampuni yake ilikuwa ndiyo kwanza yauza hisa kwa watu wote, na kama angeshitakiwa kwa jinai, mali na jina vingepotea pamoja. Alikata shauri usiku, kinyume cha wanasheria wake, naye alistahili kukumbukwa.

Tuangalie pia mwaka ilipotolewa. Mwaka 2017 ulikuwa wa ugomvi mkali baina ya Rais Donald Trump na magazeti, na Spielberg hakuficha kwamba aliona haja ya kuitengeneza upesi kwa ajili ya wakati ule. Kwa hiyo sinema hii ilikuwa na mabwana wawili: yasimulia mwaka 1971, na papo hapo yausemesha mwaka 2017. Mwalimu hana budi kuyatenganisha hayo mawili mbele ya wanafunzi wake.

Ya tatu yatugusa zaidi sisi Waafrika. Ni Cry Freedom ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Mwingereza Richard Attenborough, ikapigwa picha katika nchi ya Zimbabwe. Yasimulia urafiki wa Steve Biko, kiongozi wa vijana weusi wa Afrika ya Kusini, na Donald Woods, Mzungu aliyekuwa mhariri wa gazeti la Daily Dispatch katika mji wa East London. Biko alikamatwa mwezi wa Agosti 1977, akapigwa mpaka ubongo ukaumia, akapakiwa garini uchi, akachukuliwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Pretoria. Akafariki tarehe 12 Septemba, umri wake miaka 30. Waziri wa Polisi akatangaza habari za kugoma kula. Gazeti la Rand Daily Mail la Johannesburg, kwa kalamu ya Bibi Helen Zille, likatoa habari kwamba dalili ya kifo cha njaa haikuwapo. Woods naye aliipigia kelele serikali bila kuchoka. Tarehe 19 Oktoba akapigwa marufuku asiandike wala asikutane na watu. Na mwisho wa mwaka ule akatoroka, amevaa mavazi ya padre, akaingia Lesotho.

Yote hayo ni kweli, na sinema yayaonyesha kwa ufundi mkubwa. Lakini Biko afa sinema ingali mbali na mwisho wake, na baada ya hapo macho yetu huvutwa kuufuata mkimbio wa Woods na jamaa yake: watavuka mto, hawatavuka? Mtu mweusi aliyeuawa amekuwa mlango wa kuingilia katika masaibu ya rafiki yake Mzungu aliyepona.

Tena siku ile ile ya tarehe 19 Oktoba 1977 serikali ililifunga gazeti la The World, lililosomwa na Waafrika wengi wa Soweto, na mhariri wake, Percy Qoboza, Mwafrika, akatiwa kifungoni miezi kadhaa bila kuhukumiwa. Wahariri wawili, nchi moja, siku moja, serikali moja. Sinema kubwa ya dunia ikafanywa juu ya mmoja.

Je, tuseme basi kwamba sinema hizi ni za uwongo? La, hatusemi hivyo. Mwongo hutunga lisilokuwapo. Hawa walichagua katika yaliyokuwapo. Wala haifai kusahau kwamba Cry Freedom yaisha kwa orodha ya majina ya watu waliofia vifungoni, pamoja na sababu ambazo polisi walizitoa. Na mwezi wa Julai 1988 polisi wa Afrika ya Kusini walizinyang'anya nakala zake katika majumba ya sinema, ingawa wakaguzi wa serikali walikuwa wameiruhusu. Kama ingekuwa maneno matupu, wasingeiogopa.

Upungufu watoka wapi, basi? Sababu moja ni wakati: kazi ya magazeti ni ya miezi na ya mikono mingi, na sinema ni ya saa mbili au tatu. Sababu ya pili ni kwamba watazamaji hupenda shujaa mmoja au wawili kuliko kundi la watu. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yetu, ni chemchemi yenyewe. All the President's Men ilitoka katika kitabu cha Woodward na Bernstein. The Post ilizaliwa katika kumbukumbu alizoziandika Bibi Graham. Cry Freedom ilitoka katika vitabu vya Woods. Katika zote tatu, mwenye kitabu ndiye aliyekuwa shujaa. Sussman naye aliandika kitabu juu ya Watergate mwaka 1974, lakini sicho kilichofanyiwa sinema. Frank Wills alikuwa mlinzi tu. Hivyo upendeleo mara nyingi hauanzi kwa nia mbaya. Huanza mtengenezaji anaposhika kitabu kimoja, akatazama dunia kupitia dirisha lake.

Hatari yake ni hii. Ufundi wa kufananisha vitu vidogo hutufanya tusadiki mambo makubwa. Tukiona meza ni ile ile, karatasi ni zile zile, na sauti ya mashine ni ile ile, moyo husema: hawa hawakuacha kitu. Kumbe kilichoachwa hakina meza wala sauti. Lililotiwa chumvi laweza kugunduliwa kwa ulimi, lakini aliyeachwa nje ya chungu nani atamwonja?

Kwa hiyo, inapooneshwa sinema ya namna hii, ni vema mwalimu awaulize wanafunzi maswali matatu. Kwanza, sinema hii imetoka katika kitabu cha nani, au kwa mdomo wa nani? Pili, ni nani aliyefanya kazi hii ambaye hakuonekana, au alionekana kidogo tu? Tatu, ilitengenezwa mwaka gani, na mwaka huo watu walikuwa na ugomvi gani? Mwanafunzi akiyajibu hayo matatu kwa kutafuta katika magazeti ya zamani na vitabu vingine, sinema itakuwa imemfaa kuliko somo la siku nyingi; asipoyajibu, atakuwa amebeba hukumu ya mtu mwingine akidhani ni macho yake mwenyewe.

Wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sinema ni chombo kizuri kieleacho, nacho kimeundwa na mafundi walioamua ubao upi utumike na upi utupwe. Frank Wills aliubandua utepe ule wa mlangoni, na bila yeye kusingalikuwa na habari ya kuandika wala ya kuigiza. Baada ya sifa za siku chache alitaabika kupata kazi ya kudumu, akafa maskini mwaka 2000, umri wake miaka 52. Katika sinema ya mambo aliyoyaanzisha yeye, alipewa dakika chache za mwanzo. Anayewafundisha watoto habari za Watergate na aanze kwa jina lake.