Somo la Leo: Injini Ndogo na Mji wa Bagamoyo

Leo tutasoma habari za garimoshi.

Iko injini ndogo ya mvuke ambayo hubeba yenyewe maji na makaa yake. Haikokoti behewa la makaa nyuma. Hupita vizuri penye kona, na hurudi kinyumenyume bila kugeuzwa. Lakini maji yake huisha upesi. Kwa hiyo hufaa hasa safari fupi, na kupanga mabehewa stesheni na bandarini.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja aliagiza injini ya namna hiyo kutoka Uingereza. Ilivuta mabehewa yake kutoka mjini mpaka Chukwani. Hapo kwanza yalivutwa na nyumbu.

Ng'ambo, huko Bagamoyo, wapagazi walitoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, mwendo wa miezi. Lakini pwani ya Bagamoyo maji ni haba. Meli kubwa hutia nanga mbali. Dar es Salaam ina bandari nzuri, na Wajerumani walihamishia makao makuu huko mwaka 1891. Basi reli ya kati ilianzia huko mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi wakakosa kazi, na biashara ya Bagamoyo ikapoa.

Swali la kujadiliana: Njia mpya ikipita mahali pengine, nani hupata, na nani hupoteza?